Wasomaji Wauliza: Fundi Akiondoka, Kinabaki Nini?

Safu ya mwezi huu imetolewa kwa watengenezaji programu na wakubwa wao wa kazi. Barua zimetoka miji tofauti na zimeandikwa kwa hasira za viwango tofauti, lakini nyingi zinazunguka jambo moja: timu itunzeje yale iliyokwisha kujifunza, ili isilazimike kuyanunua tena kwa bei ileile? Nimechagua tano. Nimezifupisha, na mahali penye jina la kampuni nimeliondoa.

SWALI: Ndugu mwandishi, ninaongoza timu ya watu sita hapa Dar es Salaam. Tunatunza mfumo wa akiba na mikopo unaotumiwa na SACCOS kadhaa. Kaka yetu aliyeujenga mfumo huu tangu siku ya kwanza alipata kazi kwingine, akatukabidhi msimbo wote (maandishi yenyewe ya programu), manenosiri yote na waraka wa kurasa 60. Tukadhani tumesalimika. Mwisho wa mwezi uliofuata tukagundua kwamba programu inapiga hesabu ya riba ya kila mwanachama mara mbili na kulinganisha majibu kabla ya kuandika. Kijana mmoja ameona ni kupoteza muda, anataka kufuta hesabu ya pili. Mwenzake anasema pasiguswe. Waraka hausemi lolote. Tulikosea wapi? — Kiongozi wa timu, Dar es Salaam

JIBU: Naanza na kijana aliyesema pasiguswe. Amefanya vyema kumzuia mwenzake, ila hofu peke yake haiwezi kuwa njia ya kutunza mfumo. Msimbo unaoogopwa huachwa ulivyo mwaka hadi mwaka, kila mtu akiupitia kwa mbali, hadi siku unapolazimika kubadilishwa kwa haraka na mtu ambaye hajawahi kuusoma.

Tatizo lenu si uhaba wa karatasi. Kwa jinsi ninavyozijua nyaraka za makabidhiano, kurasa zile 60 zinaeleza majedwali ya hifadhidata, orodha ya skrini na namna ya kuwasha seva, mambo ambayo msimbo wenyewe unayasema kwa usahihi zaidi. Kile ambacho msimbo hauwezi kukisema ni sababu: kwa nini njia hii ilichaguliwa, ipi ilijaribiwa kwanza ikashindikana, na hali gani ikibadilika uamuzi huo hautafaa tena. Kaka yenu aliondoka na sababu hizo kichwani, wala hakuzificha, hakuna aliyemuuliza.

Mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, Peter Naur, aliliandikia jambo hili mwaka 1985 akitumia kisa cha makundi mawili. Kundi la kwanza lilitengeneza kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha ya watengenezaji programu iwe maagizo ya kompyuta, na la pili likataka kuipanua ili ihudumie lugha iliyozidi kidogo ile ya awali. Kundi la pili lilipewa msimbo, nyaraka na ushauri. Hata hivyo, mapendekezo yao mara kadhaa yalikuwa ya kubandika viraka juu ya mfumo, ilhali ndani yake mlikuwa na nafasi iliyokwisha kuandaliwa kwa mabadiliko ya aina hiyo. Walioijenga waliiona papo hapo, waliosoma nyaraka hawakuiona. Miaka baadaye, waanzilishi walipokuwa hawapo tena kuelekeza, umbo la kwanza lilibaki likionekana chini ya rundo la nyongeza, lakini halikuwa na nguvu tena. Naur akahitimisha kwamba programu hasa ni uelewa ulio vichwani mwa walioijenga. Mimi naona alikaribia mno kuyakatia tamaa maandishi, ila kuhusu nyaraka za aina ya hizo kurasa zenu 60 sina hoja ya kumpinga.

Somo hili nami niliwahi kulilipia. Miaka mingi iliyopita, katika kampuni ambayo sitaitaja, nilikuta mfumo wa kutuma ujumbe mfupi kwa wateja ukisubiri sekunde mbili baada ya kila ujumbe. Nikauona kuwa uzembe, nikafuta mstari mmoja, na kazi iliyochukua saa tatu ikawa ya dakika kumi. Nikasifiwa kikaoni. Siku ya kutuma ankara za mwisho wa mwezi, mtandao wa simu ukatufungia njia, kwa kuwa tulikuwa tumevuka kiwango cha ujumbe kilichoandikwa kwenye mkataba, na mkataba ulikuwa kabatini kwa mhasibu. Aliyeandika mstari ule aliwahi kuusoma mkataba huo. Mimi sikujua hata kama upo. Maneno manane pembeni mwa mstari yangetosha kunizuia.

Mpigieni kaka yenu simu wiki hii, kabla hajasahau. Msimwombe waraka mwingine. Orodhesheni kwanza sehemu zote ambazo kila mmoja wenu anaogopa kuzigusa, kisha mwalikeni chakula cha mchana Jumamosi na mketi naye saa mbili mbele ya skrini: yeye aeleze, mmoja aandike, na aliyeandika amsomee papo hapo ili asahihishwe. Mlipeni. Saa mbili za mtu huyo ni rahisi kuliko kuwarudishia wanachama riba mliyowatoza kimakosa.

Kuanzia sasa, kila uamuzi mzito uandikiwe maelezo mafupi yasiyozidi ukurasa mmoja, yakae ndani ya hifadhi ileile ya msimbo, si kwenye barua pepe wala kwenye kompyuta ya mtu. Umbo linalotumiwa na wengi lilipendekezwa na Michael Nygard mwaka 2011. Mfano huu nimeutunga kwa kuikisia sababu ya hesabu yenu. Huenda ya kweli ni nyingine kabisa.

*Uamuzi namba 14: Riba ya mwisho wa mwezi ihesabiwe mara mbili. Umekubaliwa, unatumika.*

*Mazingira: Malipo ya simu yanaendelea kuingia wakati hesabu ya riba inafanyika. Ilitokea mara kadhaa salio likasomwa nusu kabla ya malipo na nusu baada yake, mwanachama akatozwa riba ya deni alilokwisha kulipa. Tulijaribu kuzifunga akaunti zote hesabu inapofanyika. Malipo ya wanachama yakakataliwa na simu za malalamiko zikatushinda.*

*Uamuzi: Kila akaunti ihesabiwe mara mbili mfululizo. Majibu yakitofautiana, irudiwe hadi yafanane.*

*Matokeo: Kazi inachukua muda mara mbili. Tumekubali, kwa kuwa inafanyika saa nane usiku. Uamuzi huu ufikiriwe upya tukihamia hifadhidata inayoweza kutupa salio zote jinsi zilivyokuwa kwa nukta moja ya wakati.*

Sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa sababu inampa kijana wenu ruhusa ya kufuta, na inamwambia lini.

SWALI: Hujambo mwandishi. Kampuni yetu ina wiki ya ndani, yaani tovuti ambayo kila mfanyakazi anaweza kuiandika na kuirekebisha, yenye kurasa zaidi ya 400. Kila mradi ukiisha tunaagizwa kuandika humo mafunzo tuliyoyapata. Hakuna anayezisoma kurasa hizo. Mtu akikwama huuliza kwenye kikundi cha WhatsApp, hujibiwa baada ya dakika mbili, na wiki inayofuata mwingine huuliza lilelile. Meneja anasema sisi ni wavivu. — Mtengenezaji programu, Nairobi

JIBU: Meneja wako amekosea. Mtu anayeuliza mahali anapojibiwa kwa dakika mbili, badala ya kupekua kurasa 400 ambazo hajui ipi ni ya kweli na ipi imepitwa na wakati, anatumia akili.

Inafaa kukumbuka kwamba wiki ya kwanza kabisa ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hii hii yetu. Ward Cunningham aliifungua tarehe 25 Machi 1995 ili watengenezaji programu wabadilishane njia za usanifu zilizokwisha kuwafaa, na jina lake alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu; kwa Kihawaii neno hilo linamaanisha haraka. Mtu asome, aone kosa, alirekebishe hapohapo bila kuomba kibali cha yeyote. Kampuni nyingi zimechukua chombo hicho cha haraka zikakigeuza kuwa ghala la ripoti: ukurasa unaandikwa mara moja, mwisho wa mradi, kwa ajili ya kumridhisha mkubwa, na hauguswi tena.

Linganisha na mafundi wa mashine za kunakili wa Xerox. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata kazini, akaona kwamba mambo mengi magumu waliyatatua kwa kusimuliana visa, mara nyingi wakiwa mezani wanakula, kuliko kwa kufuata vitabu vya kampuni. Katika miaka ya 1990 kampuni ikaanzisha, kwanza Ufaransa, mfumo wa kuhifadhi mbinu hizo ulioitwa Eureka. Fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake wakaipima kama inafanya kazi kweli, na ilipopita ikatolewa ikiwa na jina lake. Fundi aliyekuwa kwa mteja aliisoma kwa sababu alijua imekaguliwa na watu wanaoshika bisibisi kama yeye. Wiki yenu haina mkaguzi wala jina, nani aiamini?

Usijaribu kuziokoa kurasa zote 400. Ombeni siku mbili, mchague 30 ambazo mtu ameshazihitaji mwaka huu, na nyingine zote mzihamishie kwenye jalada lisilotokea katika utafutaji. Kila mojawapo ya hizo 30 iwe na jina la mwenye kuitunza na tarehe aliyoithibitisha mara ya mwisho. WhatsApp iacheni ifanye kazi yake, kwa sharti moja: swali likiulizwa mara ya pili, anayejibu haandiki jibu kikundini, anaandika ukurasa na kutuma kiungo chake. Mara ya kwanza ni maongezi, ya pili ni dalili kwamba kuna watu wengine wanne wasiojua.

Halafu kuna msemo wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfanyakazi mpya ndiye pekee mwenye macho ya kuona kilichokosekana, na macho hayo humdumu wiki tatu hivi kabla hajazoea kama nyinyi. Mpeni maelekezo ya kuandaa kompyuta yake, ayafuate neno kwa neno, na kila anapokwama arekebishe maelekezo yenyewe kabla ya kuendelea. Mkimketisha mwenyeji pembeni yake wa kumwambia "hapo ruka tu", mmeipoteza nafasi hiyo hadi ajira nyingine.

SWALI: Mwandishi, tulitengeneza moduli ya malipo kwa ajili ya hospitali moja, na imefanya kazi miaka minne bila hitilafu. Sasa tumepata kazi ya kampuni ya mabasi. Mkurugenzi amemwahidi mteja wiki sita, kwa maelezo kwamba malipo tayari tunayo. Moyo wangu unasita lakini sijui niuseme wasiwasi huu kwa maneno gani. — Mhandisi, Arusha

JIBU: Mwambie mkurugenzi hivi: miaka minne bila hitilafu inathibitisha kwamba moduli inaifaa hospitali. Kuhusu mabasi haijathibitisha kitu.

Akikuona unamtia unuksi, msimulie habari ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ya Ulaya iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na setilaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster. Sekunde 40 hivi baadaye ilikuwa imevunjika vipande angani. Kompyuta yake ya kupima mwelekeo na mwendo ilikuwa imerithi programu ya Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta taabu. Mahali fulani ndani yake, namba ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwenye Ariane 4 thamani iliyohusika haikuweza kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na njia nyingine ya kupaa, na kasi yake ya mlalo ilipanda mara tano upesi zaidi. Namba ikafurika, kompyuta ikajiondoa kazini. Ya akiba ilikuwa na programu ileile, kwa hiyo nayo ilikuwa imekwisha kujiondoa kwa sababu ileile, muda usiofika hata sekunde moja kabla.

Yako mambo mawili katika ripoti ya tume ya uchunguzi ambayo kwa maoni yangu ni mazito kuliko kufurika kwenyewe. La kwanza ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote angani. Ilikuwa ya kuweka vifaa sawa kabla ya kuruka, na iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi za safari kwa sababu ya hitaji la Ariane 4, hitaji ambalo Ariane 5 haikuwa nalo. La pili ni kwamba wahandisi walikuwa wameiona hatari. Namba saba zingeweza kufurika. Nne zikawekewa kinga na tatu zikaachwa, kwa kuwa walitaka kompyuta isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Ulikuwa uamuzi wenye sababu, uliokubaliwa na washirika wa mradi, lakini ndani ya msimbo hapakupatikana rejea ya sababu hiyo. Msimbo ulisafiri kwenda kwenye roketi mpya, na sababu zake zikabaki kwenye ile ya zamani.

Sasa urudi kwenye mabasi yako. Hospitalini mgonjwa hulipa akiwa amesimama dirishani, na ankara isiyolipwa leo inaweza kusubiri hadi kesho. Kiti kisicholipwa leo huondoka na basi alfajiri. Katika wiki ya kuelekea Krismasi, watu mamia wa Dar es Salaam wanaotaka kwenda Moshi watagombania viti vilevile ndani ya dakika chache. Mtu atashikilia kiti, simu itaishiwa chaji, na mfumo utapaswa kujua ni baada ya dakika ngapi kiti hicho kirudi sokoni. Uthibitisho wa malipo utachelewa, ufike wakati kiti kimekwisha kuuzwa kwa mwingine, na hapo pesa zirudishwe kwa nani, kwa njia gani? Moduli yenu, nina hakika, haikuwahi kuulizwa maswali haya.

Fungua ukurasa mtupu uandike kila kitu ambacho moduli inakichukulia kuwa kweli: malipo mangapi kwa dakika, kiasi kikubwa kabisa, muda mrefu kabisa wa kusubiri uthibitisho, nani yupo kusuluhisha mambo yakikwama. Pembeni mwa kila mstari andika hali ya mabasi. Panapotofautiana ndipo penye kazi, na ukurasa huo mmoja utamweleza mkurugenzi kuliko wasiwasi wowote.

Nisije nikaonekana mpinzani wa kutumia tena kilichopo. Kuna urithi wa hospitali ambao ni dhahabu kwenu, ila huenda hauko mahali mkurugenzi anapoutazama. Bila shaka mliwahi kukuta uthibitisho mmoja wa malipo umetumwa mara mbili, au mteja amelipa pungufu kwa shilingi 100, au saa ya seva yenu imepishana na ya mtandao wa simu. Hayo yatatokea kwenye mabasi pia, na majaribio mliyoyaandika kuyanasa yanahamishika hata pale ambapo msimbo wenyewe hauhamishiki. Anza kwa kuyahamisha majaribio.

SWALI: Salaam. Nina miaka 51, na mfumo wa ghala tunaoutumia nimeulea tangu ukiwa mchanga. Vijana wananiambia, "Mzee, tuandikie kila kitu." Nikishaandika, watanihitaji kwa lipi? Na kusema kweli mengi siwezi kuyaandika. Asubuhi nikizitupia jicho kumbukumbu za seva, najua tu kwamba leo kuna jambo. — Mkongwe, Mombasa

JIBU: Shikamoo, kaka. Hofu yako si ya kipuuzi, na wanaokwambia kwamba hilo haliwezi kutokea hawajakaa kazini muda mrefu. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno, nenda kwa mwajiri ukakubaliane naye kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yako, iandikwe kwenye maelezo ya cheo na ihesabiwe katika tathmini ya mwaka. Akikataa, umejifunza jambo muhimu kumhusu. Ila nawe ukumbuke upande wa pili: asiyeweza kuachwa hawezi kupandishwa cheo wala kwenda likizo, na simu itamfuata hata arusini kwa bintiye.

Kuhusu lile jicho la asubuhi, umesema kweli, halihamishiki kwa waraka. Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita, mjini Osaka, ilihangaika na mashine ya kuokea mkate nyumbani: ukoko uliungua na ndani mkabaki mbichi, na hata kuupiga unga uliokandwa picha za eksirei hakukusaidia. Mtengenezaji programu wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja iliyosifika kwa mkate mjini humo. Akakanda naye, hadi akaona kwamba mwokaji ana namna yake ya kuuvuta unga, ambayo haikuwa imeandikwa popote. Ilichukua mwaka wa majaribio pamoja na wahandisi kuigeuza namna hiyo kuwa mbavu maalumu ndani ya mashine, na mkate ukatoka.

Chagua kijana mmoja, usichague watano. Kwa wiki mbili aketi nawe saa mbili asubuhi unapozifungua kumbukumbu, nawe useme kwa sauti macho yako yanakwenda wapi, hata likiwa jambo dogo kama "leo mistari ni michache kuliko Jumanne ya kawaida". Wiki mbili zinazofuata aseme yeye, wewe unyamaze hadi amalize. Utashangaa ni mangapi uliyodhani hayasemeki, na mengi ya hayo baadaye yanaweza kuandikwa kama tahadhari inayotumwa na mfumo wenyewe.

SWALI: Ninaendesha kampuni ya programu yenye watu 30. Nimeshauriwa niunde kitengo cha maarifa. Niunde? — Mkurugenzi, Dodoma

JIBU: Usiunde. Wazo lenyewe lina asili nzuri: kuanzia mwaka 1976, kituo cha Goddard cha NASA, Chuo Kikuu cha Maryland na Computer Sciences Corporation waliendesha pamoja maabara iliyokusanya takwimu na mafunzo kutoka zaidi ya miradi 100 ya programu, na Victor Basili wa chuo hicho akayaita mashirika ya aina hiyo viwanda vya uzoefu. Hoja yake ya kuwatenga wakusanyaji na wajenzi ni ya busara, kwa kuwa timu ya mradi inahukumiwa kwa tarehe ya kukabidhi, na haiwezi kutarajiwa ifikirie mahitaji ya mradi ambao haujazaliwa. Lakini wao walikuwa na taasisi tatu na miaka zaidi ya 20. Wewe una watu 30, na kitengo chako kitaishia kuwa mtu mmoja anayewasumbua wenzake kwa fomu.

Toa siku moja kwa wiki ya mhandisi mmoja anayeheshimiwa, iingie kwenye bajeti kama kazi nyingine, na abadilishwe kila baada ya miezi sita. Kazi yake kubwa iwe kuitisha kikao kila hatua ya mradi inapokamilika, si mradi mzima unapokwisha, maana wakati huo nusu ya watu wameshahamishwa. Maswali yatoke kwa jeshi la Marekani, ambalo limeyatumia katika mazoezi tangu miaka ya 1970: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana, na mara ijayo tufanye nini. Wewe mwenyewe usihudhurie. Siku utakapotumia neno moja lililosemwa humo katika tathmini ya mtu, vikao vitaendelea kufanyika ila havitasema kitu.

Kisha weka kanuni moja kwenye meza yako: hutasaini mpango wa mradi wowote mpya usiotaja kumbukumbu mbili za miradi ya zamani ambazo waandishi wake wamezisoma, na kilichobadilika katika mpango kwa sababu hiyo. Mwanzoni watakuandikia chochote. Waulize swali moja juu ya kumbukumbu waliyoitaja, kisha uwarudishie mpango.